Saa ya Kimya kwa Kinyozi

Mimi ni kinyozi, na kinyozi asiyesema hapati wateja. Watu huniita Chiriku, nami sijawahi kukana. Mke wangu ni muuguzi wa wodi ya wagonjwa wa akili, mtaa mzima humwita Sista, na maneno yake ni ya kuhesabika. Mungu alijua alichofanya. Tungekuwa wawili kama mimi, majirani wangehama.

Watoto walipokwisha kuondoka nyumbani, Sista akasema anataka kusomea uchambuzi wa nafsi. Nikamuuliza ni kitu gani. Akasema mgonjwa analala kwenye kochi, anasema lolote linalomjia, na wewe unakaa nyuma yake unasikiliza. Nikacheka mpaka mashine nusura iniponyoke.

"Mke wangu, hiyo kazi si ndiyo ninayoifanya hapa dukani kila siku?"

"Kwani wewe unasikiliza, baba watoto?"

Nikarudi kwenye kichwa cha mteja.

Nilidhani ni masomo ya jioni mbili tatu. Kumbe! Chuo kilitaka kwanza shahada, nayo alikuwa nayo, na miaka ya kazi na wagonjwa, nayo alikuwa nayo tele. Halafu walimu wawili wazee wakamhoji, kila mmoja kwa siku yake, na hawakumuuliza hata swali moja la kitabuni. Walimuuliza nani alikuwa akimbembeleza alipokuwa mdogo. Sista alifiwa na mama yake angali mtoto, akawalea wadogo zake. Wa kumbembeleza yeye hakuwapo. Alirudi nyumbani macho mekundu, akasema, "Nimeanguka." Wakamkubali.

Kisha likaja sharti lililoniudhi. Yeye mwenyewe lazima alale kwenye kochi la mchambuzi mwingine, mara nne kwa wiki, mwaka baada ya mwaka. Nikapiga kelele kwamba mke wangu si mgonjwa! Akanijibu tu kwamba mganga hajigangi. Basi akawa anatoka asubuhi kabla ya zamu, anakwenda kumwambia mtu baki mambo ambayo mimi sijawahi kuyasikia. Wivu ulinipata, sitaficha.

Sharti la mwisho lilikuwa kuwatibu wagonjwa wawili chini ya macho ya msimamizi, kila mmoja kwa miaka miwili kamili, bila kukatiza. Wa kwanza alimaliza salama. Wa pili alikuwa akija nyumbani kwetu, kwenye chumba cha nyuma, kwa geti la uani. Duka langu liko mbele. Sista akaniwekea sheria: saa kumi na moja jioni, geti likilia, redio izimwe na mdomo wangu ufungwe. Bawaba za geti zilitaka mafuta, nikaziacha hivyo hivyo ili zinishtue. Wateja walizoea. Walikaa kitini kama watu waliofiwa, nami nikikata kwa mkasi tu, mashine nayo imezimwa. Mgonjwa mwenyewe sikumwona hata siku moja. Sikujua ni mwanamume au mwanamke, na nisingethubutu kuuliza.

Ilikuwa imebaki miezi minne tu apate cheti. Jioni moja, duka likiwa tupu, Sista akaja akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Mgonjwa wangu anataka kuacha kuja," akasema.

"Kwa nini? Amepona?"

"Ameanza kusimama mwenyewe. Anaona inatosha. Na mimi naona inatosha."

"Na cheti?"

"Miaka miwili ni miwili. Nimemuuliza msimamizi. Huyu akiondoka, naanza na mwingine, tangu mwanzo."

Damu ikanichemka. "Si umwambie abaki! Miezi minne kitu gani? Mwambie bado hajakaa sawa. Ataamini, wewe ndiye daktari wake!"

"Ndiyo maana siwezi," akasema. "Ataamini. Atakuwa anakuja kulala pale kwa ajili yangu, na mimi nitakuwa nahesabu miezi badala ya kumsikiliza."

Nilibisha mpaka nikaishiwa methali. Ijumaa geti lililia mara mbili, ya kuingia na ya kutoka, basi.

Jumatatu, saa kumi na moja, mkono wangu ulikwenda wenyewe kuzima redio.

"Chiriku, mbona geti halijalia?" akasema fundi bomba, kidevu kimejaa povu. "Turudishie mpira wetu wa redioni, bwana."

Nilimmaliza harakaharaka, nadhani shavu moja lilibaki na ndevu, nikaenda nyuma. Sista alikuwa ameketi kwenye kiti chake, mikono mapajani, analitazama kochi tupu. Nikajilaza.

"Haya, daktari, nisikilize."

Akacheka kidogo. "Hairuhusiwi kumtibu mtu wa nyumbani."

"Basi njoo ulale wewe. Mimi sina chuo cha kunifukuza."

Alinitazama sana. Kisha akaja akalala, na viatu vyake vya kazini miguuni, nami nikakaa kwenye kiti chake.

Alianza na mgonjwa aliyeondoka, kwamba atamkosa. Akaja kwenye cheti, kwamba umri unakwenda na anaogopa hatakipata. Halafu akafika kwa mama yake. Alisema alikuwa akiwabembeleza wadogo zake mpaka walale, kisha anabaki macho, akingoja zamu yake. Nilikuwa na nasaha tatu kwenye ncha ya ulimi, na moja ilikuwa nzuri kweli. Nikazimeza zote. Nilimpenda kuliko siku niliyomwoa. Maishani mwake alikuwa amesikilizwa na mtu mmoja tu, yule mchambuzi wake, na huyo ilikuwa kazi yake.

Giza lilipoanza kuingia akageuza shingo. "Mbona husemi kitu?"

"Bado nasikiliza," nikamwambia.

Mgonjwa mwingine alipatikana mvua zilipokwisha. Nilikuwa katikati ya kichwa cha yule yule fundi bomba, hadithi tamu imeshafika mdomoni, geti likalia. Nikazima redio.