Sentimita Tatu za Paja Langu

Kwa miaka ishirini na sita nilishona suruali za wanaume hapa Kadutu, kwa mashine ya kukanyaga. Nyumba yetu iko juu mlimani. Kutoka mlangoni hadi barabarani kuna ngazi mia moja na nne. Nilianza kuzihesabu goti la kulia lilipoanza kuuma.

Mwanzoni liliuma nikishuka tu. Baadaye likavimba, likawa linakwaruza ndani kama mchanga. Nilimeza vidonge vya dukani bila kula, hadi nikatapika damu. Hospitalini wakapiga goti picha.

"Papa, cartilage, ile nyama laini kati ya mifupa ya goti, imelika. Haitarudia tena," daktari alisema. Akanieleza yanayowezekana: dawa ya kupaka, kupunguza uzito, mazoezi, sindano ya kutuliza kwa muda. Goti la bandia ni la mwisho kabisa.

Nilichagua sindano. Ilinipa nafuu ya wiki sita. Nikaamua pia kwamba kukanyaga mashine ndiko kulikoharibu goti, nikaifunika, nikakaa kitini miezi minne. Maumivu yakazidi. Mke wangu alichoka kunishika mkono kwenye ngazi.

"Papa Furaha, tuhamie kwa mutoto wetu, huko Kamanyola. Kule hakuna ngazi."

"Na mashine yangu?"

"Ile? Siku hizi ni panya ndiyo inashona."

Nilikubali tuhame baada ya Pasaka. Kabla ya hapo nilikwenda kwa maman wa mazoezi ya viungo, ambaye daktari alikuwa amenielekeza kwake tangu mwanzo. Alitazama suruali niliyojishonea. Upande wa kulia ulipwaya.

"Papa, uko mushonaji. Pima mapaja yako."

Nilipima. La kulia lilikuwa limepungua sentimita tatu.

"Nyama ya paja ndiyo inabebaka goti. Weye umeilaza. Unapimaka watu wote, weye mwenyewe hapana?"

Nikaanza. Kunyoosha mguu nikiwa nimekaa, kuhesabu hadi kumi, mara kumi, asubuhi na jioni. Kisha mashine, dakika chache. Wiki za kwanza niliuma meno. Kila Jumamosi nilipima na kuandika daftarini. Polepole sentimita mbili zilirudi.

Ya tatu haijarudi. Kanisani wengine wakipiga magoti, mimi bado nakaa. Nimechoka, sifichi.

Namshukuru Mungu, mke wangu na maman yule. Nawe unayeumwa, usimeze vidonge bila kuuliza, wala usikae tu. Ukishuka, tanguliza mguu mbovu, ukipanda, mzima.

Pasaka imepita, hatujahama. Jana nilishuka peke yangu. Mke wangu alibaki mlangoni, akihesabu kwa sauti hadi mia moja na nne.