Siku Niliyompa Pasta Bahati Mimba ya Miezi Saba

Bora niseme mwenyewe, maana nikimwachia mtu mwingine wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka awasimulie ataongeza chumvi, na mkasa huu hauhitaji chumvi hata punje: mi ndiye niliyempa mchungaji wangu mimba ya miezi saba, pamoja na minyoo, mbele ya ukumbi mzima wa watu pale Lilongwe, kwa maandishi makubwa mekundu ukutani, naye amekaa mstari wa mbele na koti lake la sherehe.

Mwaka 2016 nilikuwa nafundisha kompyuta kwenye chumba cha nyuma ya kanisa letu kambini. (Kufundisha ni neno kubwa, laptopu zilikuwa tatu na moja haikuwa na herufi ya M, kwa hiyo mwenye kuitumia ilibidi aepuke kuandika jina la mama yake.) Wanafunzi walikuwa kumi na wawili, na chumba kile ndicho pekee chenye soketi ambacho mtu alikuwa tayari kutupa. Ufunguo ulikuwa wa Pasta Bahati, mtu wa Bukavu, kule Kongo, kama mimi, fundi cherehani siku za kazi na mchungaji siku ya Jumapili, aliyewakatalia wazee wa kanisa waliotaka chumba kiwe stoo ya viti. Alituwekea sharti moja tu, tusimwaibishe. Kwa hiyo lishikeni hilo kabla sijaendelea: Pasta akiaibika, viti vinaingia na sisi tunatoka.

Sasa, mi kazi yangu ya kujivunia ilikuwa programu moja kubwa ya kusajili wagonjwa hospitalini, programu huria, yaani ile ambayo msimbo wake uko wazi mtandaoni na mtu yeyote duniani anaweza kuusoma na kuurekebisha, hata mkimbizi aliyekaa kwenye benchi la kanisa. Nilianza kwa kutafsiri maneno yake kwa Kiswahili, kisha kiburi kikapanda, nikataka na mimi nibadilishe kitu ndani. Programu ya namna hiyo ina testi, vipande vidogo vya msimbo ambavyo kazi yake ni kuuliza maswali: ukimsajili mtu huyu, je, anatoka vile ulivyomwingiza? Ziko maelfu. Ukigusa kitu kimoja unatakiwa uziendeshe zote, maana unaweza kurekebisha mlango ukaangusha jiko.

Mabadiliko yangu yalihusu wagonjwa waliosajiliwa mara mbili. Nikaandika sheria kwamba watu wawili wakikaa makazi mamoja, na siku na mwezi wao wa kuzaliwa ukawa mmoja, basi hao ni mtu mmoja, programu iwaunganishe. Mwaka nisiuangalie, niliandika kwa Kiingereza changu kizuri, kwa sababu mwaka watu huukosea lakini siku na mwezi wa kuzaliwa hakuna anayevisahau. Nilijisikia mwenye akili sana. Naomba mkumbuke kwamba sentensi hiyo iliandikwa Dzaleka, mahali ambapo nusu ya watu, nikiwemo mimi, karatasi zetu zinasema tulizaliwa tarehe moja Januari, kwa sababu siku ya kuandikishwa mtu asipokuwa na cheti, au asipoulizwa mara mbili, karani anamalizia hivyo na kuita anayefuata. Mi nilishazoea mpaka nikasahau kwamba ile si tarehe.

Kisha nikahitaji wagonjwa wa mfano, na badala ya kubuni majina nikawaweka majirani, kwa mzaha tu, nani angesoma? Mzee Kashindi wa Fizi, shemasi wetu anayejua kila kitu, nikampa minyoo. Mama Nabintu, mwanafunzi wangu ambaye kweli alikuwa mjamzito, nikamwandikia miezi saba. Na wengine tisa, kila mmoja na ugonjwa wake. Pasta Bahati nikamweka wa kwanza kwenye orodha, kwa heshima, akiwa mzima kabisa. Makazi yao wote nikaandika Dzaleka, na tarehe za kuzaliwa sikuumiza kichwa, moja Januari, moja Januari, moja Januari, mpaka chini.

Kuendesha testi zote kwenye laptopu yangu kulichukua masaa mawili na nusu, na betri yangu ilikuwa na uhai wa dakika arobaini, na umeme wa kambini mnaujua. Nikaendesha testi zangu tatu nilizoandika mwenyewe, ambazo kila moja ilikuwa na mgonjwa mmoja tu, zikapita. Mkaguzi wa programu ile, mama mmoja wa mbali sana ambaye sijawahi kumwona, aliniandikia swali fupi: umeendesha testi zote? Nikamjibu ndiyo, zote. (Hapo njo nilipojichimbia, mengine yote yalikuwa kutumbukia tu.) Akasema vizuri, ataingiza kazi yangu Jumatatu.

Mtu mwenye busara angekaa kimya asubiri Jumatatu. Mi nilikwenda kumwambia Pasta, na Pasta kwa furaha akatangaza kanisani kwamba mtoto wetu ameandika kitu kitakachotumika hospitali za dunia nzima, na ikatokea kwamba Jumamosi ile kulikuwa na mkutano wa watu wa programu huria mjini Lilongwe, mtaa wa Old Town, karibu na soko la Tsoka, nami nimepewa nafasi ya dakika kumi na tano. Pasta akahangaikia vibali vya kutoka kambini, vyake, vyangu, cha Mama Nabintu na cha Mzee Kashindi, ambaye hakualikwa na mtu lakini alisema shemasi hawezi kukosa.

Nilizungumza vizuri, jamani, hilo nijisifu. Nikaeleza, nikatania, wakacheka pale palipostahili. Kisha mama mmoja wa Kimalawi, mwenyeji wa mkutano, akauliza kwa upole kama testi zinapita. Ningesema ndiyo nikakaa! Lakini pale ukumbini kulikuwa na umeme usiokatika na kompyuta mpya yenye mbio, na Pasta ananitazama kwa macho ya baba, nikasema ngoja niziendeshe zote mbele yenu, mzione wenyewe.

Kila testi inayopita huweka nukta ya kijani. Nukta zikajaa ukuta, mstari juu ya mstari, Mzee Kashindi akaanza kupiga makofi kila mstari unapoisha, watu wakamfuata. Mpaka ikafika testi moja kubwa ya zamani, ambayo husajili wagonjwa wote wa mfano kwa pamoja na kuwahesabu. Makofi yakaisha. Ikatoka nyekundu, na kwa kuwa testi ikianguka hueleza kwa nini imeanguka, na maneno ya wagonjwa nilishayatafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, iliandika hivi: waliotarajiwa kumi na wawili, aliyepatikana mmoja. Chini yake ikamtaja huyo mmoja. Jina, Pasta Bahati. Jinsia, mwanamume. Mimba, miezi saba. Minyoo, ndiyo. Ikaendelea na bawasiri, upele na meno mabovu, magonjwa ya watu kumi na mmoja yote juu ya mtu mmoja.

Nilifikiri angalau Wamalawi hawatasoma. Lakini mimba kwa Kichewa ni mimba, na pasta ni pasta kila mahali. Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele kama maji. Mi nabonyeza kila kitufe, projekta haizimiki.

"Minyoo?" Mzee Kashindi aliuliza kwa sauti. "Pasta iko na minyoo?"

"Ile ni yako," nikasema. Sijui kwa nini nilisema.

"Yangu? Nani alikuambia?"

"Na ile mimba ni yangu," Mama Nabintu akasema akisimama, "na bwana yangu peke njo nilimuambiaka ni miezi ngapi. Ulinihesabia kwa vidole?"

Mwenyeji wetu, masikini, kwa adabu zake zote akainuka, akamwendea Pasta na kumwambia, "Pepani, abusa," yaani pole mchungaji, akamsogezea kiti chake chenye mto. Hapo ukumbi ulianguka kwa kicheko. Pasta alishukuru kwa kiti, akasema zikomo, akakaa wima na mikono juu ya magoti, akatazama ukuta ule hadi mwisho bila kugeuka. Nilitamani anitukane.

Tulipofika kambini akanyoosha mkono, nikampa ufunguo wa chumba. Kesho yake akiwa madhabahuni akasema "Bwana anabeba mizigo yetu" na safu nzima ya akina mama ikainamisha vichwa, mabega yanatikisika. Kwenye bomba la maji walimuuliza atajifungulia wapi. Jumanne wazee wa kanisa walipita na futi ya kupimia chumba kwa ajili ya viti, na wanafunzi wangu wakawa wamekaa nje kwenye tofali, wananiangalia, nami niliona aibu ambayo haikuwa na kicheko ndani yake hata kidogo.

Mkaguzi nilishamwandikia Jumapili usiku kwamba nilimdanganya, asiingize kitu. Jumanne hiyo jioni nikaenda kwa Pasta. Alikuwa kwenye cherehani.

"Pasta, nakuja kuomba pardon."

"Nieleze kwanza. Ile ordinateri, ile kompyuta yako, ilitoa wapi mimi na Mama Nabintu ni muntu moja?"

Nikamweleza. Tarehe moja Januari, wote. Akasimamisha gurudumu.

"Ku bureau ya kuandikisha batu ba karatasi walitupatia bote siku moja, kwa sababu mustari ilikuwa murefu na walikuwa na haraka. Weye ulikuwa na haraka ya nini?"

"Betri, Pasta."

"Mi nilizaliwa tarehe kumi na saba, mwezi wa munane," akasema. "Mama yangu aliniambiaka, ilikuwa siku ya soko. Tangu nilifika hapa hakuna muntu aliniuliza. Hata we hukuniuliza, na unakulaka ku nyumba yangu. Andika. Alafu toa jina yangu mule ndani, na ya bale bengine, dunia haina lazima ya kujua minyoo ya Kashindi. Alafu utaendesha zile testi zote mbele yangu, yote, mi naangalia."

Niliitupa ile sheria yangu, nikafuta majina. Alhamisi Pasta akaja na ufunguo mfukoni na suruali ya mtu ya kupiga pindo, akakaa kwenye benchi. Umeme ulikatika saa ya kwanza ilipoisha, tukaanza upya. Alishona, akatazama nukta, akashona, hakuniruhusu hata kwenda kunywa maji. Jioni nukta ya mwisho ikawa kijani.

"Sasa niko mwanaume?"

"Uko mwanaume, Pasta."

Akakata uzi kwa meno, akaweka ufunguo mezani. "Na we, ulizaliwa lini?"

Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni "moja Januari," kwa sababu mama yangu alibaki Bukavu kaburini na sikuwahi kumuuliza. Pasta hakucheka. Alisema tu, "Basi," akakunja ile suruali ya mteja.

Tangu siku hiyo sijaandika "zote" bila kuziendesha zote, hata zichukue usiku na mchana, na jirani yangu hatageuka tena kuwa mfano wa mtu. Majina nilitoa, ila tarehe niliweka za kweli, nilipita nyumba kwa nyumba nikiuliza, na walioijua siku yao walinipa, na mkaguzi akaiingiza orodha hiyo. Kila anayeendesha testi za programu ile, popote alipo, hukutana na Mgonjwa wa Kwanza, mwanamume, hana mimba, aliyezaliwa tarehe kumi na saba mwezi wa nane. Wa mwisho kwenye orodha, niliyemwongeza baadaye, ni wa moja Januari, na huyo ni mimi.