Osha Miguu Kabla ya Kuchagua Raba

Kwapu, kwapu, kwapu. Hiyo sauti naisikia mpaka leo, mwanangu Editha, hata nikiwa natwanga karanga zangu kwa amani. Ni soli ya raba iliyoachia mbele, inapiga barabara ya changarawe ya Kibaoni kama mdomo wa bata mwenye njaa. Na mwenye raba alikuwa mimi.

Usicheke kwanza. Najua unasema moyoni, mama mdogo naye ananiita mwanangu, wakati juzi tu tulikuwa tunaruka kamba pamoja. Kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako, hata kama amekuzidi urefu. Nakuandikia kwa sababu nimesikia umechaguliwa kukimbia mbio za Kibaoni, na kwamba unataka kutoa mpunga wa jaruba lako upate raba.

Na mimi nilikuwa na jaruba langu hapa Majimoto. Unajua mavuno yetu yalivyo: wachuuzi wanatufuata mpaka shambani na pikipiki, wamefunga ndoo, mashuka, viatu, na sisi tunalipa kwa mpunga. Siku hiyo akaja kijana mmoja mcheshi, raba nyeupe zinaning'inia kwenye usukani, zinameremeta juani. Moyo ukaniruka. Mbio za Kibaoni zilikuwa zimekaribia, na watatu wa mwanzo wangepelekwa Mpanda kwenye timu ya mkoa. Nilikuwa nimeshaota mpaka gauni la kuvaa siku ya safari.

"Orijino hizi, dada," akasema. "Utazichoka wewe, zenyewe hazichoki."

"Ngoja nijaribu."

"Na hilo tope? Utaniharibia mali! Pima tu na bua."

Kweli, miguu yangu ilikuwa tope mpaka magotini. Nikakata bua la mpunga, nikapima unyayo, nikalitumbukiza ndani ya raba. Likaenea. Basi, nikaona kazi imekwisha. Yeye sasa akachota mpunga wangu kiganjani, akausugua, akapuliza makapi, akatafuna punje kusikia kama imekauka. Akachimba chini ya gunia, akatafuna na za huko. Mimi nimesimama tu, nimezikumbatia raba zangu kama mtoto mchanga.

Siku ya mbio nilitoka kwa kasi, nikawaacha wote. Kufika kwenye mteremko, kwapu! Watoto waliojipanga pembeni wakaanza kupiga makofi kufuata kiatu changu. "Kaza, bata, kaza!" Nikaivua, nikaendelea mguu mmoja peku, raba mkononi. Nikafika wa nne. Wa nne, Editha! Gari la Mpanda likaondoka bila mimi.

Nyumbani nilijikunja upenuni nalia. Mama yangu, yaani bibi yako, alikuwa anapeta mchele. Hakunipa pole. Aliuliza tu:

"Yule kijana aliutafuna mpunga wako?"

"Aliutafuna, mama."

"Na wewe kiatu chake ulikifanyaje?"

"Nilikipima na bua."

"Bua! Nyanya za fungu unazibonyeza mpaka wenyewe wanakufukuza, halafu raba ya kukupeleka Mpanda unaipima na bua? Ulishaipenda, ukaogopa kuikagua. Si ungeosha miguu, mwanangu. Mfereji ulikuwa pale pale."

Halafu akaiangalia ile raba iliyoachama, akacheka. Na mimi nikacheka, kamasi zinanitoka.

Kwa hiyo, mwanangu, mchuuzi akikuharakisha, mwache na haraka yake. Vaa zote mbili, funga kamba, ruka ruka, kimbia kidogo uone. Kisha vua, uzikague bila aibu, kama yeye anavyokagua mpunga. Pinda kiatu: kinatakiwa kijikunje pale vidole vinapojikunjia, kikijikunja katikati kama chapati, mrudishie. Tazama pale soli inapokutana na juu, kama gundi imemwagika ovyo au uzi umekwenda upogo. Nusa pia, harufu kali ya gundi inayouma pua usidhani ni dalili ya upya. Lebo ya ndani ya mguu wa kulia ifanane na ya kushoto, namba zisipishane. Na ukiona raba yenye jina kubwa inatolewa kwa mpunga kiduchu, jiulize kwa nini.

Tena upya usikutie kiwewe. Raba ya mtumba iliyo orijino, hata kama kisigino kimelika kidogo, itakufikisha mbali kuliko feki inayong'aa. Na kama moyo unasita, mwache aende. Sokoni Kibaoni wapo wenye meza zao, ukipata shida unajua pa kuwarudia. Wa pikipiki utamrudia wapi?

Mungu akupe pumzi ndefu. Akuepushe na miiba na mawe ya njiani, na gari la Mpanda lisiondoke bila wewe. Mimi nitakuwa kwenye ule mteremko, nakushangilia mpaka sauti inikauke. Na wakikuita bata, nionyeshe tu ni nani.

Wanasema wachuuzi wanapita leo kwenye majaruba yetu. Asubuhi, nyie mkiwa bado mmelala, nimeshuka mferejini peke yangu. Nimechota ndoo ya maji, nikaiweka pembeni ya njia pale pikipiki zinaposimama, na khanga yangu kuukuu juu yake, ya kufutia miguu.