Siku Nilipopanda Kisarawe kwa Rivasi

Ndiyo, ni mimi. Yule bwana harusi mnayemsikia vijiweni, aliyefika ukweni Kisarawe akiwa ametanguliza makalio, ni mimi Iddi, na kwa kuwa Shabani hapa (ndiye aliyekuwa mpambe wangu siku ile) kila akiisimulia anaongeza chumvi mpaka inakuwa chungu, leo naisema mwenyewe mwenye aibu yangu.

Miaka ile ya ujamaa nilikuwa fundi kwenye gereji moja pale Kwa Mathias, Kibaha, na nilikuwa na ugonjwa mmoja tu: magari ya Kiingereza ya kabla ya vita. Wenzangu waliugua mpira, wengine wanawake, mimi nikaugua vile vigari vyenye boneti nyembamba na taa zilizotoka kama macho ya chura. Langu nililikuta kwenye shamba la mkonge lililotelekezwa, kuku wanatagia kwenye siti. Bodi yake ni bati juu ya fremu ya mbao, na zile mbao mchwa walishazila zote, bati limesimama kwa mazoea. Nikachonga fremu upya kwa mninga, siti nikazijaza makumbi ya nazi, gasketi nikakata kwa mkasi wa mama (alinuna wiki nzima), na rangi nikapaka ile ya krimu iliyobaki walipopaka zahanati. Spea? Spea ilikuwa akili yako. Siku lilipowaka kwa hendeli nililia, tena kwa sauti.

Sasa nikaposa. Tatu, binti wa Mzee Mfaume, akakubali, wazee wakakubaliana, na mimi nikaapa kwamba sitapelekwa kwenye ndoa yangu juu ya lori la kuazima kama gunia la mihogo, nitakwenda na gari langu, wakwe waone wamepata mwanaume gani.

Kosa lilikuwa dogo kama punje ya mtama. Petroli enzi zile ilikuwa ya kutafutwa kama dawa, na mimi nilikuwa na kidumu kimoja nilichokichunga kuliko roho yangu. Asubuhi ya harusi nikamimina kidogo tu kwenye tangi, kilichobaki nikakificha chini ya kitanda, nikajiambia hiki kitanisaidia kumzungusha mke wangu mjini. Shabani akaniuliza, "Itatufikisha?" Nikamjibu, "We fundi au mimi fundi?"

Basi tukaondoka, mimi kwenye usukani ndani ya kanzu nyeupe pe, Shabani pembeni, nyuma Shangazi Mwanahawa (mwili wake siuelezi, bado yu hai na ana bakora) na makapu yake, ndugu wengine wametangulia na lori. Tukaikata ile njia ya vumbi ya Kiluvya, watoto wanapiga vigelegele, nami nawapungia mkono kama mkuu wa mkoa. Raha ile iliishia kwenye mlima wa mwisho, pale ambapo ukipanda tu unasikia ngoma za ukweni. Gari likapanda, likakohoa, likazima, halafu likaanza kurudi nyuma taratibu.

"Iddi!" Shangazi akapiga kelele. "Unanirudisha wapi?"

Shabani akaruka, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Nikafungua boneti, nikagusa hiki nikapuliza kile, na hapo ndipo kanzu ilipopata grisi ya kwanza. Ikanijia akilini. Magari yale hayana pampu ya petroli, tangi liko mbele chini ya kioo na petroli inateremka yenyewe mpaka kwenye injini, kwa hiyo ukipanda mlima mkali na petroli ni kidogo, inakimbilia nyuma ya tangi na injini inakauka. Dawa yake ni moja: geuza gari, upande kwa rivasi, petroli ije mbele.

"Tutafika kinyumenyume?" Shabani akauliza.

"Juu kabisa nageuza," nikamwambia. "Hakuna atakayeona."

Hakuna atakayeona! Kumbe akina mama wa Kisarawe walishasikia muungurumo, na tulipochomoza kileleni, matako ya gari mbele, tukawakuta wamejaa njia nzima na vigelegele vyao, wakatuzunguka, sina pa kugeuzia. Nikasema nibadili gia basi, gia ikagoma, imeng'ang'ania rivasi kama kupe. Nikizima, nitashuka kupiga hendeli mbele ya wakwe. Nikaendelea. Ngoma mbele, sisi nyuma, shingo nimeipinda mpaka nasikia inalia, tukaingia uani kwa Mzee Mfaume moja kwa moja kuelekea mkeka walipokaa wazee. Nikakanyaga breki. Waya ukakatika, *paa!*

Nimeona wazee wengi wakikimbia maishani, lakini sijaona wakikimbia na viatu mkononi kama siku ile. Mzee Mfaume peke yake hakukimbia, alikuja ubavuni kwangu akainama anipigie kelele nisimame, na kwa ule mtikisiko kimkono cha kuonyesha kona (magari yale hayana taa za indiketa, yana kimkono cha bati kinachochomoka ubavuni kama bawa la kuku) kikachomoka chenyewe, kikaninyakulia kofia ya baba mkwe, ikabaki inaning'inia huku kipara chake kinang'aa juani. Gari likagonga kinu, likasimama.

Nikatoa kichwa nje.

"Shikamoo, baba," nikasema dirishani.

"Marahaba," akajibu, akiishika kofia yake. "Wewe naona umefika. Ila gari lako linaondoka."

Mnyamwezi mmoja, mtani wao, akadakia: "Amelielekeza kwao kabisa! Akimwona bibi harusi tu, anatimua mbio!"

Watu wakaanguka kwa kicheko, lakini ndani ya nyumba hawakucheka. Bibi yake Tatu alisema ni mkosi, nyumba yao haiingiwi kwa mgongo, na mjomba mtu akataka ndoa iahirishwe mpaka wakae wazungumze. Mimi nimesimama uani na kanzu ya grisi, jasho linanitiririka, nawaza nimelijenga lile gari kwa mikono yangu na sasa limenivunjia nyumba kabla sijaijenga. Akatoka shangazi yake Tatu.

"Mwali anasema hivi: shuka mpaka chini ya mlima, upande tena, kwa miguu, uso mbele. Ukifika bado unamtaka, na yeye atakuwa bado anakutaka."

Nikashuka. Nikapanda. Yule Mnyamwezi kanifuata njia nzima akinipigia debe kama kondakta, "Mbele, mbele, usirudi!" na nilipofika juu pumzi hazipo, shehe akaniuliza ninayotakiwa kuulizwa, nikajibu kwa sauti ya mtu anayezama. Tatu naye alipopelekewa shahidi ndani akasema, "Nimekubali. Gari sikulikubali."

Kurudi Kibaha, lori la kuazima likiwa limesharudi kwa mwenyewe, tuliombewa trekta la kijiji. Mke wangu akapanda kwenye tela na mashangazi, wanaimba, gari likafungwa nyuma ya tela kwa mti wa kulivutia, na kwa kuwa lazima awepo wa kushika usukani, mimi bwana harusi nilisafiri peke yangu ndani yake, nakula vumbi la harusi yangu mwenyewe mpaka tulipoikuta lami Kiluvya.

Magari yale bado nayapenda, siwadanganyi. Lakini nimeapa: ukweni nakwenda kwa miguu yangu, na mwanaume akitaka kuringa, aringie kwenye tambarare.