Mfungashie Mtoto Jina la Mama Yake

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, kila nikisikia zipu ya sanduku ikivutwa. Ilikuwa asubuhi ya kiangazi pale Beechmont, kusini mwa Louisville, nami nilikuwa kijana mwenye mgongo mzima. Nilikuwa nimekalia sanduku la shemeji yangu ili lifungike, nalo linakataa. Niliruka juu yake mara kadhaa, watoto wakacheka mpaka wakakaa sakafuni.

Tulikuwa tunakwenda Kanada, kwenye harusi ya mdogo wake shemeji. Tungelala Columbus, kesho yake tupite Buffalo, tuvuke daraja. Usione ni jambo dogo. Sisi ni watu wa Kivu, na mipaka tuliyowahi kuvuka tuliivuka kwa miguu, tukikimbia. Safari hii tungevuka mchana kweupe, pasipoti mpya mfukoni, hakuna anayetufukuza. Kaka yangu mkubwa, Baba Furaha, ambaye mimi humwita Yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu, alikuwa amepiga pasi suti yake ya kanisani. Si kwa ajili ya harusi, la. Kwa ajili ya daraja.

Mkewe, Mama Furaha, alikuwa amefungasha unga wa fufu, dumu la mawese, ndagala, yaani dagaa, wakavu, sufuria mbili kubwa, na mbuzi mzima aliyekatwakatwa, ndani ya sanduku la barafu. Nikamwuliza kama Kanada hakuna sufuria.

"Shemeji, wee nyamaza," akasema. "Niende kwa harusi ya mudogo wangu mikono mitupu? Batasema dada yake anatoka Amerika na hana hata sufuria!"

Na safari haifichiki Beechmont. Kila jirani aliyekuwa na ndugu Kanada alileta kifurushi chake, kimefungwa kwa plasta pande zote. Tukavipokea vyote. Nani angekataa? Gari likainama nyuma kama kuku anayetaka kutaga, tukaondoka watu watano: Yaya, mkewe, binti yao Furaha aliyekuwa karibu kunifikia kimo, mimi, na kitinda mimba wao Riziki, wa miaka sita, asiye na meno ya mbele.

Jioni tulifika Hilliard, nje kidogo ya Columbus, nyumbani kwa Bi Salma. Huyu alikuwa mama wa Kitanzania, mzaliwa wa Tanga, aliyefanya kazi ya kuhudumia wazee. Niliwahi kupanga chumba kwake, maana miguu yangu, mwanangu, haijawahi kutulia. Nimekaa Louisville, nikahamia Columbus, nikarudi Louisville, na leo nakuandikia nikiwa West Side ya Buffalo, katika nyumba ya mbao inayopiga kelele upepo ukivuma. Kila nilipohama niliacha kitu na kubeba kumbukumbu, na kumbukumbu za kwa Bi Salma zina harufu ya iliki.

Alitoka mlangoni, akalitazama gari.

"Jamani, mnahama?"

"Tunatembea tu, Bi Salma," nikasema.

"Hii si kutembea. Shusha."

Akatandika mkeka sebuleni, akafungua masanduku yetu moja baada ya jingine kama anayechambua mchele. Alipofika kwenye sufuria akaketi, akatutazama kwa upole.

"Wanangu, mmefungasha kama watu wanaokimbia. Anayekimbia hubeba nyumba nzima kwa sababu hajui kama atarudi. Nyinyi Jumatatu mnarudi."

Lilikuwa neno la kweli, na kweli ikishapigwa msumari haing'oki. Mama Furaha mwenyewe alizitoa sufuria, akazisogeza pembeni kwa mguu, akacheka.

Ikafuata zamu ya mbuzi. Bi Salma akasema nyama mbichi itatuletea maneno mpakani. Yaya akajitetea: "Akiba haiozi, Bi Salma."

"Akiba haiozi, baba, lakini mbuzi anaoza. Lete kisu."

Basi mbuzi wa harusi akaliwa Hilliard, na sijawahi kula mbuzi mtamu kama yule. Wakati anachemka, Bi Salma aliinua kifurushi kimoja cha majirani.

"Ndani mna nini?"

"Anajua aliyekifunga," nikasema.

"Aliyekifunga hayupo. Askari akiuliza, mtamwambia hamjui? Mzigo ukiwa mkononi mwako ni wako." Akapasua plasta. Ndani mlikuwa na mizizi yenye udongo, na chupa ya unga wa kijivu isiyo na maandishi. Akanusa, akapiga chafya. "Pengine ni dawa ya tumbo, pengine ya mapenzi. Vifurushi vyote vinabaki hapa."

Akakuta vidonge vya presha vya Yaya vimemwagwa kwenye mfuko wa plastiki chini kabisa ya sanduku. Akamwambia vidonge vikae kwenye chupa yake yenye jina la mwenyewe, na chupa ikae kwenye mkoba wa mkononi, kwa sababu sanduku hupotea lakini presha haipotei. Akauliza vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Unajua kwetu kila mtoto hupewa majina yake mwenyewe. Furaha, Riziki na baba yao hawafanani hata jina moja kwenye pasipoti, na ofisa wa mpakani hawezi kuijua mila hiyo kwa kututazama nyuso. Vyeti tulikuwa navyo. Mama Furaha, tangu kambi ya wakimbizi, hakuwahi kutenganishwa na mkoba wa karatasi zake.

Tulipokuwa tunakula, Bi Salma alimwita Riziki.

"Mjukuu wangu, ukipotea utasema wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa Mama."

"Mama anaitwa nani?"

"Mama Furaha."

"Hilo ni la nyumbani. Jina lake la kwenye pasipoti?"

Riziki akamgeukia baba yake. Yaya akaweka mfupa chini, na Kifaransa chake cha shule kikamtoka.

"Bon, Bi Salma, hapo umefika mbali. Kwetu mutoto hasemake jina ya muzazi. Ni kumukosea heshima."

"Adabu nzuri hiyo, baba, wala siivunji. Lakini mtoto wa safari hufungashiwa jina la mama yake. Ni jepesi, halichukui nafasi."

"Atapotea namna gani? Donc, sisi tuko batano!"

"Mdharau mwiba mguu huota tende," akasema Bi Salma, akainuka kuchukua chai. Riziki akamfuata jikoni, nami nikamwona Bi Salma, cheti cha kuzaliwa mkononi, akiinama na kumnong'oneza sikioni. Mtoto akaziba mdomo kwa viganja viwili, macho yakamtoka, kama aliyepewa siri ya wakubwa.

Kesho yake darajani ilikuwa kama alivyotabiri. Ofisa alizipanga pasipoti zetu, akauliza mbona hawa watu wa familia moja kila mtu ana jina lake. Mama Furaha akatoa vyeti kabla hajamaliza kuuliza. Ofisa akavisoma, akatabasamu, akatuombea safari njema. Yaya akanyoosha tai yake, na tulipofika upande wa pili akapiga usukani makofi. "Mumeona? Tumepita! Na hakuna aliyekimbia!"

Shangwe ile ndiyo iliyotulevya. Tukasema kabla ya kwenda harusini tupite kwenye maporomoko ya Niagara, tupige picha moja tu. Watu walikuwa wengi kama sokoni. Maji yananguruma, manyunyu yanatulowesha, Yaya anasimama hivi na vile ili suti ionekane. Kila mmoja wetu alidhani Riziki ameshikwa na mwenzake. Ndiyo hasara ya kuwa watano, mwanangu. Mtoto wa watu wawili hushikwa mkono, mtoto wa watu watano hudhaniwa tu.

"Riziki eko wapi?" akauliza Mama Furaha.

Nikatoa simu niombe msaada. Haikuwa na mtandao. Laini zetu za Louisville ziliishia darajani, na hatukuwa tumeulizia mapema. Yaya akaanza kukimbia huku akiita, lakini maji yalimeza sauti yake. Mama Furaha hakupiga kelele. Ngoja nikwambie kitu: yule mdogo wake tuliyekuwa tunakwenda kumwoza ndiye aliyeachana naye mkono njiani walipokuwa wanakimbia vita, na ilipita miaka kabla ya kuonana tena. Nilimwona shemeji akivua viatu vyake vya harusi na kuvishika mkononi, kama mtu anayejiandaa kwa mwendo mrefu. Mpaka leo sipendi kuikumbuka picha ile.

Yaliyompata Riziki tulisimuliwa baadaye. Alikuwa amefuata mtu mwenye puto, akageuka, hatuoni. Akamwendea mlinzi mmoja mwenye sare, jambo ambalo dada yake alikuwa amemfundisha. Mlinzi akamwuliza mama yake anaitwa nani.

"Ninalijua," Riziki akamjibu kwa Kiingereza chake cha shule, "lakini siruhusiwi kulisema."

"Basi sisi tumwiteje?"

"Mama Furaha."

Mlinzi akalitia jina hilo kwenye kipaza sauti, kwa ulimi wake, "Mama Furaa, Mama Furaa." Na kweli akatokea mama mmoja mnene mwenye kitenge, anakuja mbio, anahema.

"Furaha wangu amefanya nini tena?"

Alikuwa Mama Furaha, lakini wa Kanada! Mkongo mwenzetu, amekuja kutembea na kanisa lake. Akamtazama Riziki kutoka juu mpaka chini. "Huyu haiko wangu," akasema, "lakini ni wetu." Akamwuliza kwa Kiswahili ametoka wapi, na aliposikia Louisville alisogea penye nafasi, akajaza kifua hewa, akapiga vigelegele vya kuwaita watu wake.

Mwanangu, maporomoko yale yana nguvu, lakini hayajui vigelegele vya Kivu. Tulivisikia tukiwa mbali. Mama Furaha wetu akainua kichwa. "Hiyo ni ya kwetu," akasema, na kabla sijamwelewa alikuwa ameshaondoka, pekupeku, viatu mkononi, sisi nyuma yake.

Tulimkuta Riziki amekaa juu ya ukuta mdogo anakula aiskrimu, hana habari. Mama yake akanyoosha mikono, lakini mlinzi akaweka mkono wake katikati, kwa heshima. Mbele yake walikuwa wamesimama Mama Furaha wawili, wote na vitenge, wote wanalia. Hawezi kumkabidhi mtoto kwa kubahatisha. Akaomba pasipoti ya mama, akaifungua upande wake, kisha akamwinamia Riziki.

"Binti, sasa lazima uniambie. Mama yako anaitwa nani?"

Riziki akamtafuta baba yake kwa macho. Yaya alikuwa ndiyo kwanza anafika, tai imegeukia mgongoni, suti imelowa, na kila mtu pale akamtazama yeye. Aliinama, mikono magotini, mpaka pumzi ikamrudia.

"Sema, mutoto yangu," akasema. "Sema jina ya mama yako. Kwa nguvu."

"Faida Nsimire," Riziki akasema. Kisha akaziba mdomo. "Unisamehe, Mama!"

Mlinzi akaangalia pasipoti, akaangalia mtoto, akautoa mkono wake. Yule Mama Furaha wa Kanada akapiga vigelegele vya pili, safari hii vya furaha hasa, na watu wasiotujua wakapiga makofi. Jioni ile alikuja harusini nasi, akacheza kuliko bibi harusi.

Tuliporudi Hilliard kuchukua sufuria, Yaya alivua kofia mlangoni. "Bi Salma," akasema, "ile jina haikukamata nafasi." Mama yule hakusimanga. Akasema tu, "Jina jema hung'ara gizani, baba. Karibuni chai." Na tangu siku ile gari la Yaya haliwashwi kwa safari mpaka kila mtoto ataje jina la baba na la mama, na Yaya husikiliza lake likitajwa huku amefumba macho, kama mtu anayechomwa sindano.

Sasa nawe unataka kupeleka watoto ng'ambo, nimesikia, na sebule imejaa masanduku. Nisikilize basi. Fungasha kama mtu atakayerudi. Usibebe mzigo wa mtu usioujua ndani yake, hata akikuomba kwa machozi. Dawa, karatasi na nguo moja kavu ya kila mtoto visiachane na mkono wako. Kabla ya kuvuka, ulizia kama simu yako itavuka nawe. Wavishe watoto rangi inayoonekana, uwapige picha asubuhi hiyo hiyo, uwaonyeshe wa kumkimbilia wakipotea. Kila mtoto mpe mtu mmoja wa kumshika mkono, kwa jina, msiachiane kwa kudhani. Na adabu uliyowafundisha usiitupe, ni mali. Ila wafundishe pia kwamba jina la mzazi likitajwa kwa kumtafuta mzazi, hiyo nayo ni heshima. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Riziki naye ni mama sasa, huko Louisville. Wiki iliyopita alinipigia simu, mwanawe wa miaka mitatu akampokonya na kunipigia kelele sikioni majina ya mama yake, yote mawili, bila kunisalimia. Nilicheka mpaka nyumba ya mbao ikaitika.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akutangulie barabarani na akae kiti cha nyuma pamoja na watoto. Mizigo yako iwe myepesi, mipaka ikupokee kwa tabasamu, na kila mliyetoka naye mlangoni mrudi naye mlangoni, akiitika jina lake.