Mufereji wa Salongo

Mi sikusoma sana, lakini batu benye tulichimba nabo mufereji wa nyuma ya manyumba ya Kapata, majina yabo yote nayajua. Sitaandika hata moja: bengi bako ku makaburi. Ilikuwa kazi ya salongo, ya pamoja bila malipo, mutaa muzima na majembe, bwana yangu mbele. Maji ya mvua inashuka ku kilima cha bulongo yenye banatupaka kutoka ku mine, kule banachimba madini, inapita nyuma yetu, inaenda ku mutoni. Mu nyumba yangu ya pale nilizalia batoto saba. Sina ingine.

Kiangazi kilichopita bakafika batu ya projet. Banasema banatuletea mufereji wa kudumu, wa simenti. Bakaujenga mbele, ku barabara, kwenye magari ya bakubwa inapitaka. Wetu wa nyuma bakaufunga na udongo.

Nikamwendea injenieri.

— Tata, maji inapita nyuma. Juu ya nini unajenga mbele?

— Nkambo, bibi yetu, plan inaonyesha mbele.

— Ile plan iliona mvua wapi? Tuko kiangazi!

Batumishi wake bakacheka. Yeye akakasirika.

— Mama, we ulisomea wapi?

— Ku jembe.

Siku ya kufungua ule wa simenti, bakatugawia bikwembe bipya tuvae, tucheze ngoma mbele ya bakubwa. Yangu nilipokea, nikapangusia masufuria. Bengine bakacheza mu vumbi. Bakubwa bakapiga makofi bila kutoka mu kivuli, bakapanda magari, bakaenda.

Mvua ya kwanza ilinyesha asubuhi. Mufereji wa simenti ukabaki mukavu kama kinywa cha mutu wa uongo. Maji ikafuata njia yake ya zamani, ikaikuta imefungwa, ikaingia kwangu. Ukuta wa jikoni ukaanguka. Wa chumba cha kulala ukaanza kupasuka.

Nikaita jirani yangu, mujane kama mi. Tukashika majembe, tukafungua mufereji wetu, mvua inatupiga mu mugongo. Injenieri akakuja na botte zake mupya za mvua ku miguu.

— Bamama! Munaharibu kazi ya Serikali!

— Kazi ya Serikali iko kule barabarani, inakauka. Enda uilinde.

— Nitaita polisi!

Jirani hakuinua hata kichwa.

— Baite. Bakuje na majembe.

Akaenda. Polisi hawakuja, naye hakurudi. Kabla ya saa sita ya muchana maji ikageukia ku mutoni. Chumba cha kulala kimesimama, na ufa wake. Jikoni iko wazi, napikia inje. Yule injenieri, hata akuje na magoti, simusamehe.