Ua wa Mikonge Kati ya Safi na Mtoto Wetu

Mke wangu nilimzika nje ya ua wa misioni. Mtoto wetu alikuwa ndani.

Kati yao palikuwa na mstari mmoja wa mikonge.

Leo wote wawili wako ndani, na hakuna kaburi lililofukuliwa. Kaa nikueleze ilivyokuwa.

Wakati ule wa Wabelgiji mimi nilikuwa kantonye. Kazi yangu ilikuwa kufyeka majani na kuziba mashimo kwenye barabara ya Kasongo kwenda Kabambare. Shule nilisoma miaka miwili tu, lakini kichwa kilikuwa kinashika.

Katekisimu yote, maswali mia mbili na kitu, niliimaliza kwa miezi minne. Padiri akanipa rozari mbele ya watu. Nikabatizwa Emile.

Mke wangu Safi yeye alibaki mkatekumeni, mwanafunzi wa dini asiyebatizwa bado.

Mwaka wa hamsini tukapata mtoto. Alizaliwa dhaifu. Masera, mtawa wa misioni, akaja mbio, akamtia maji, akamwita Antoine. Siku ya tisa mtoto akafa. Akazikwa ndani ya mikonge, pamoja na wabatizwa.

Siku ile masera alimwambia Safi maneno mengi. Kwamba Mungu anapenda, Mungu anajua, Mungu amejichukulia malaika wake. Safi alisikiliza mpaka mwisho. Akasema asante. Akaenda kukaa kwenye kaburi.

Tangu hapo alitaka kitu kimoja tu.

"Baba Antoine, mimi nikikufa, wanilaze pale kando yake."

"Basi ujifunze majibu. Bila ubatizo hawakuingizi."

Ndiyo ilikuwa sheria ya Padiri. Majibu yote, neno kwa neno, mbele ya katekista Zéphirin. Ukikosa, rudi kwako, tutaonana mwaka kesho.

Safi alikwenda mara tatu.

Mara tatu Zéphirin alimuuliza swali la kwanza: Mungu ni nani. Mara tatu Safi alinyamaza. Hakubabaika. Alimtazama tu, kama mtu aliyeulizwa jambo la ndani mbele ya wageni.

Watu kwenye benchi wakacheka. "Bibi ya kantonye, barabara yake iko mashimo matupu."

Nikarudi nyumbani nimefura. Nikamsimamisha jikoni, ugali unapoa.

"Sema. Hauli mpaka useme."

Akaweka mwiko chini.

"Iko kichwa ngumu ao ni kiburi?"

Akaniuliza polepole: "Harufu ya kichwa cha Antoine, unaikumbuka?"

"Naikumbuka."

"Basi niambie ilikuwa namna gani. Nangoja."

Nikafungua kinywa. Nikasema ilikuwa nzuri. Nikasema ilikuwa kama maziwa. Nikasema hapana, si maziwa. Nikakwama.

"Unaona," akasema. "Na ile ni kichwa ya mutoto tu."

Badala ya kuelewa, nilipandwa na hasira zaidi. Nikaumwaga ule ugali nje, kuku wakala. Hilo nimelibeba mpaka leo.

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kwenye shamba la pamba, ile pamba ya lazima ya serikali, Safi alikuwa anakaa nyuma ya nyumba, mikono mitupu juu ya magoti. Hasemi kitu. Mimi nilifikiri anamlilia mtoto.

Siku moja nikamuuliza anafanya nini pale.

"Niko naye."

"Na nani? Antoine?"

"Hata Antoine pia."

Nikatikisa kichwa, nikachukua jembe langu, nikaenda kazini.

Mwaka wa hamsini na tatu, mvua zikiwa zimekaza, homa ikamshika. Siku ya nne hakuweza kuinuka. Sauti ilikwisha, ikabaki pumzi. Padiri alikuwa amekwenda kuzungukia vijiji vya upande wa Kabambare. Nikamkimbilia Zéphirin.

Alikuja mchana, viatu mkononi kwa sababu ya matope, kitabu kwapani.

Kando ya kitanda palikuwa na kibuyu cha maji.

"Zéphirin ndugu yangu, mutie maji. Anakufa."

"Lazima ajibu kwanza. Kwa mgonjwa ni maswali manne tu. Padiri ameniandikia."

Akauliza. Mungu ni nani. Safi akamtazama vilevile.

"Hana sauti," nikasema. "Nitamjibia mimi." Nikalitoa jibu lote, sikukosa hata neno.

"La kwako nalijua, Baba Antoine. Tunatafuta la kwake."

Akafunga kitabu. Akanishika bega, akatoka kwenye mvua.

Tukabaki wawili.

Safi akanitazama mimi. Kisha akatazama kibuyu. Kisha mimi tena. Kisha kibuyu.

"Unataka kunywa?"

Akafumba macho. Akafumbua. Kibuyu.

Nikamwinua kichwa, nikamnywesha. Maji mengi yakamwagika kidevuni. Akanitazama kwa namna ambayo mpaka leo sijaipatia jina. Kisha hakutazama tena.

Zéphirin ndiye alituonyesha pa kuchimba. Nje, hatua mbili kutoka kwenye mikonge. Ukisimama kwenye kaburi la Safi uliliona la Antoine pale ng'ambo, karibu kabisa.

Padiri aliporudi akasema pole sana, lakini sheria ni sheria. Alisema hivyo amekaa kwenye kiti, mimi nimesimama.

Nitasema wazi. Serikali ilimchosha na pamba yake. Misioni ikamfungia mlango. Na mimi nikawa askari wao ndani ya nyumba yangu mwenyewe, bila hata mshahara.

Matanga yalipokwisha, bwana shamba akataka pamba ya Safi ipaliliwe. Kwenye daftari lake marehemu bado alikuwa na shamba. Jirani yetu Waridi, mjane mzee wa meno mawili, akaja kunisaidia. Waridi alikuwa amebatizwa Pasaka iliyopita. Padiri alimsifu kanisani: hata huyu bibi mzee ameweza.

Tukaanza kulima. Nikamsikia anatamka majibu ya katekisimu chini chini. Kila safu ya pamba, jibu moja. Anafika mwisho wa safu, anageuka, anaanza jingine.

"Mama Waridi, nani alikufundisha namna hiyo?"

"Nani tena? Mama Antoine. Safu moja, jibu moja. Ukisahau, unarudi mwanzo wa safu. Alinichosha yule."

Jembe likanisimama mkononi.

"Safi alikuwa anayajua?"

"Yote, mpaka mwisho. Kukushinda wewe mwenye rozari."

"Sasa kwa nini alinyamaza?"

Waridi akajinyoosha mgongo. "Nilimuuliza. Akaniambia: Mama, nitamusema Mungu vipi kama mutu asiyekuwapo, na iko pale pale anasikia?"

Akainama, akaendelea na safu yake. Mimi nilibaki nimesimama. Akafika jibu la sabini na nane.

"Mtu akiwa karibu na kufa na padiri hayupo, kila mtu aweza kumbatiza, akimmwagia maji kichwani."

Jibu lile nalijua. Nililisema mbele ya Padiri, watu wakapiga makofi. Nililisema barabarani nikiziba mashimo, kwa kufuata mapigo ya jembe, mara mia na zaidi. Kila mtu. Aweza. Maji.

Siku ile ndiyo mara ya kwanza nililisikia.

Kibuyu.

Nikakaa chini kwenye udongo. Waridi akafikiri nimepigwa na jua, akanipepea kwa majani ya pamba.

Zéphirin alifundisha jibu lile miaka kumi na moja. Sijui kama naye aliwahi kulisikia. Waliotuwekea maneno yale walitugawia mbegu zilizokaangwa: unazihesabu vizuri, unazipanga kwenye mistari, na hakuna kinachoota.

Jumapili, misa ikiwa katikati, wote wako ndani wanamjibu Padiri kwa sauti moja, mimi nikachukua jembe la serikali. Nikang'oa mikonge minane. Miiba ikanichana mikono. Nikaipanda upya upande wa pili wa kaburi la Safi, ua ukapinda pale, ukamzunguka. Kona ya barabara mimi naijua kuikata. Ni kazi yangu.

Zéphirin akatokea mlangoni pa kanisa, akaja mpaka pale.

"Unafanya nini, Baba Antoine?"

"Natengeneza barabara."

"Padiri atauliza."

"Akiuliza utamujibu. Majibu iko kwako."

Akatazama mikonge. Akatazama mikono yangu. Akarudi ndani, nikamsikia anaanzisha wimbo.

Kumsamehe, sikumsamehe. Lakini siku ile hakusema.

Padiri hakuuliza kamwe. Makaburi yetu hakuyajua kwa majina, alijua ua tu. Ilipofika siku ya wafu, mwezi wa kumi na moja, akapita ananyunyiza maji ya baraka kila kaburi lililo ndani. Akanyunyiza la Antoine. Akapiga hatua mbili, akanyunyiza la Safi. Nilikuwa karibu. Niliyaona matone yakiingia kwenye udongo, upande wa kichwa.

Kama inahesabika ao haihesabiki, sijui. Katika maswali mia mbili na kitu waliyonifundisha, hilo halikuwamo.

Sikuoa tena. Asubuhi nakaa nyuma ya nyumba, mikono mitupu juu ya magoti, kama yeye. Sisemi kitu. Siku nyingi haji mtu.

Wewe unayesoma, kama nyumbani kwako kuna mtu anayenyamaza, usimlazimishe, na usimwite mjinga. Angalia macho yake yanakwenda wapi.

Wangu aliniomba mbingu yote. Nikampa maji ya kunywa.